Ukuta ukilowa, chimba kwanza kabla ya kupaka rangi

MVUA za masika zinapoanza kunyesha mjini Jinja, wenye maduka ya rangi ndio hufurahi. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi Mei, katika ile mitaa yenye nyumba za zamani, utawaona mafundi wamepanda ngazi wakikwangua kuta zilizovimba, wakipiga lipu mpya na kupaka rangi juu yake. Mwaka unaofuata wanarudi kwenye ukuta uleule. Hakuna anayewauliza maswali, kwa sababu watu wamekwisha kukubali kwamba nyumba kuukuu ni lazima ilowe, kama vile mtu mzima ni lazima aumwe magoti.

Mimi sikubaliani na imani hiyo, na ninayo sababu. Nyumba ya wazazi wangu nusura iuzwe kwa bei ya kutupa kwa ajili ya ukuta mmoja uliokuwa ukilowa. Kilichokuwa kikiulowesha ni mabomba manne ya udongo, kila moja lenye urefu wa futi mbili, yaliyovunjika chini ya ardhi mahali ambapo hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba pamepita bomba.

Kwa msomaji asiyeifahamu Jinja, huu ni mji wa Uganda uliopo pale ambapo mto Nile unatoka katika Ziwa Victoria. Miaka ya 1950 ulikuwa mji wa viwanda. Bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa mwaka 1954, na wafanyabiashara wa Kiasia walikuwa wakijenga maduka na nyumba za kuishi kwa kasi. Mpaka leo ukipita barabara kuu utaona majengo yenye mwaka wa ujenzi ulioandikwa kwa saruji juu ya baraza. Nyumba yetu nayo imeandikwa, 1953.

Waliojenga wakati ule hawakuwa wavivu. Maji ya jikoni, ya bafuni na ya mvua kutoka kwenye paa yalikusanywa katika mabomba ya udongo yaliyofukiwa kuizunguka nyumba, yakapelekwa mbali na msingi hadi kwenye shimo la kunyonya maji chini ya kiwanja. Choo kilikuwa na njia yake peke yake. Msomaji asidhani udongo huu ni ule wa chungu cha kupikia. Haya ni mabomba ya udongo mgumu uliochomwa katika joto kali mno, na wakati wa kuchoma chumvi hutupwa ndani ya tanuri, mvuke wake ukashikana na udongo na kuacha ngozi ya kahawia inayong'aa kama kioo. Huko Uingereza, Henry Doulton alianza kuyatengeneza kwa wingi mjini London mwaka 1846, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiwatisha watu wa miji mikubwa, na kutoka huko ufundi huo ukasambaa katika makoloni. Bomba la aina hii halishiki kutu, haliliwi na sabuni wala mafuta ya jikoni, na lisipovunjwa linaweza kuishi kuliko nyumba yenyewe.

Lisipovunjwa, nimesema.

Tatizo la nyumba kama yetu ni kwamba hazina kumbukumbu. Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza Waasia na kuwapa siku 90. Familia iliyojenga nyumba hii iliondoka na mabegi, na kama palikuwapo mchoro wa mabomba basi haukukabidhiwa kwa mtu yeyote. Nyumba ikaingia mikononi mwa bodi ya serikali iliyosimamia mali za Waasia walioondoka, ikapangishwa kwa familia moja, kisha nyingine, kisha ya tatu. Miaka ya 1990, wenyewe waliporuhusiwa kurudishiwa mali zao, mwenye nyumba alikuja, akaipokea, akaiuza. Baba alinunua mwaka 1994. Katika miaka hiyo 22 hapakuwa na mpangaji aliyekuwa na sababu ya kujua maji yanapita wapi. Maji yalikuwa yakiondoka, basi.

Ukuta wa upande wa mashariki, ambao ndio ukuta wa chumba cha kulala cha mama, ulianza kubadilika rangi miaka mingi baadaye. Kwanza ulikuja unga mweupe kama chumvi karibu na sakafu. Kisha lipu ikavimba na kuanguka vipande vipande. Kisha kuvu nyeusi nyuma ya kabati, na harufu ile ya nguo iliyoanikwa ikiwa haijakamuliwa. Mama ana pumu. Daktari hahitaji kwenda chuo kikuu mara mbili ili kukwambia kwamba mgonjwa wa pumu hapaswi kulala karibu na ukuta wenye kuvu, lakini mama alikataa kuhama chumba. Alisema amekilalia tangu baba yu hai.

Mwaka 2019 kaka yangu mkubwa, ambaye ndiye msimamizi wa nyumba, alimwita fundi wa ujenzi. Fundi akabandua lipu yote ya zamani ya chokaa kwa nje, akapiga lipu ya saruji iliyochanganywa na dawa ya kuzuia maji, na chini akamwaga zege kuzunguka ukuta upana wa futi tatu. Kazi ilipendeza. Miezi minane baadaye unyevu ulionekana tena ndani, safari hii juu zaidi, karibu na dirisha.

Wahenga walituambia kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na katika jambo hili usemi huo umewagharimu watu fedha nyingi. Ukuta wa matofali unaolowa kutoka chini ni kama utambi wa taa. Maji yanapanda, na njia yake ya kutoka ni kukauka kupitia usoni mwa ukuta. Lipu ya chokaa inaruhusu kukauka huko. Ukiifunika kwa saruji ngumu na dawa, maji hayarudi chini, yanaendelea kupanda yakitafuta pengine pa kutokea. Na lile zege la chini, ambalo kila mtu hulipenda kwa sababu miguu haichafuki, linazuia udongo wa kando ya msingi usikauke kabisa. Kwa hiyo nyumba ilivalishwa koti la mvua huku maji yakitoka ndani ya koti.

Majirani walikuwa na maelezo yao. Mwaka 2020 Ziwa Victoria lilijaa kupita rekodi yake ya mwaka 1964, fukwe na nyumba za kando ya maji zikafunikwa, na tangu hapo kila unyevu wa Jinja huhesabiwa kuwa kosa la ziwa. Sina ugomvi na ziwa. Lakini nyumba yetu ipo juu ya mwinuko, na nyumba mbili zilizo chini yetu, karibu zaidi na maji, kuta zake ni kavu kabisa.

Ndipo alipokuja dalali. Alikuwa na mteja aliyetaka kiwanja ajenge nyumba ya wageni. Alizunguka nyumba, akagonga ukuta wa mashariki kwa kiganja, akaonyesha ufa uliokuwa umeanza kwenye pembe ya dirisha, akatoa hukumu: msingi umeoza, nyumba imekufa, mnauza kiwanja tu. Bei aliyotaja ilikuwa ya kiwanja kitupu, tena ikapunguzwa gharama ya kubomoa.

Tulikaa kikao cha familia Januari 2023. Kaka alitaka tuuze kabla nyumba haijamwangukia mama. Dada yangu alitaka tuuze lakini si kwa bei ile. Mama alisikiliza wote, akasema, "Mimi sijaona msingi uliooza. Nani kati yenu ameuona?" Hakuna aliyekuwa ameuona. Nikaomba mwezi mmoja.

Mwezi huo niliutumia kumtafuta mtu anayejua mabomba ya zamani. Mafundi bomba wawili wa kwanza walitoa jibu moja: vunja zege lote, ng'oa mabomba yote, weka plastiki, shilingi milioni sita. Nilipouliza mabomba yaliyopo yamepita wapi, walisema tutajua tukichimba. Wa tatu alikuwa mzee wa miaka 74, anayetembea na baiskeli yake kwa mkono bila kuipanda. Alijifunza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana wa kubeba mchanga, kwa fundi Kalasinga aliyejenga nyumba kadhaa za mtaa wetu. Mwalimu wake aliondoka mwaka 1972 pamoja na wengine.

Mzee hakuja na sululu. Alikuja na nondo ya futi nne iliyochongwa ncha, nyundo, na kamba.

"Kalasinga hakuweka kona bila chemba," aliniambia. "Mahali maji yanapogeuka, hapo pana chemba. Kama huioni, basi imefukiwa."

Alianza kwenye tundu la maji ya jikoni, akatazama upande ambao bomba linaelekea, akavuta kamba mstari ulionyooka hadi pembe ya nyumba. Kwenye pembe palikuwa na shina la migomba. Akachoma nondo mara tano, sita. Mara ya saba ikalia kwa sauti ya chuma juu ya zege. Tulipochimba kina cha futi moja tulikuta mfuniko wa chemba, na juu yake udongo mweusi mzuri wa bustani ambao mpangaji mmoja wa miaka ile aliuleta ili apande ndizi. Ile ya pili, ya chini, ilikuwa chini ya ua wa miti karibu na shimo la kunyonya. Kufikia saa sita mchana tulikuwa na mistari miwili ya kamba juu ya nyasi, jumla ya futi 70 hivi. Kwa mara ya kwanza tangu 1972 kulikuwa na watu waliojua maji ya nyumba hii yanapita wapi.

Jambo lililofuata ndilo ambalo ningependa kila mwenye nyumba kuukuu alifanye kabla ya kutoa hata senti moja. Ilikuwa Februari, hakuna mvua, kwa hiyo maji pekee ardhini yalikuwa ya nyumbani. Mzee aliziba tundu la kutokea la chemba ya chini kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kipande cha gunia, akaifuta ikakauka. Kisha tukakoroga rangi ya buluu ya kufulia katika madumu matano ya lita 20 na kuyamwaga taratibu kwenye tundu la jikoni. Lita mia moja ziliingia. Tulisubiri mpaka matone yakaisha, tukachota yaliyofika kwa kopo. Hayakujaza madumu mawili.

Zaidi ya lita 60 zilikuwa zimepotelea njiani, na njiani ni futi tatu kutoka ukuta wa chumba cha mama. Fikiria maji ya kuoga na kuosha vyombo ya watu watano, kila siku, kwa miaka.

Ili kupata mahali penyewe alitumia kioo na tochi. Kijana wake aliwasha tochi ndani ya chemba ya pembeni, mzee akashusha kioo cha kunyolea ndevu ndani ya chemba ya chini na kutazama. Bomba zima likinyooka, unaona duara kamili la mwanga kama mwezi mpevu. Sehemu ile iliyotoka pembeni kwenda chini ilikuwa mwezi mpevu. Sehemu ya kutoka jikoni hadi pembeni, tulipoitazama kwa namna hiyohiyo, ilikuwa giza tupu. Akaingiza waya mrefu mpaka ukagota, akaufunga uzi pale ulipoingilia, akauvuta nje na kuulaza juu ya nyasi. Ncha ya waya ilifika sawasawa chini ya tangi letu la maji.

Tangi hilo lina historia yake. Mwaka 2006, wakati wa ule mgao mkali wa umeme uliokumba nchi baada ya maji ya ziwa kupungua, pampu zilikuwa zikizimika na maji yakikatika, na kila aliyejiweza alinunua tangi la plastiki. Baba alinunua la lita 5,000, akajengewa kitako cha zege karibu na jiko ili bomba liwe fupi. Lita 5,000 ni tani tano. Tani tano zilikaa miaka 17 juu ya bomba la udongo lililofukiwa futi moja na nusu, na fundi aliyemwaga kitako kile hakuwa na namna yoyote ya kujua.

Tulilihamisha tangi kwanza, na hiyo peke yake ilikuwa kazi ya siku mbili. Kisha mzee akachimba mwenyewe. Hakukubali kijana wake atumie sululu baada ya futi moja. Aliendelea kwa mwiko na mikono. Mabomba mawili yalikuwa yamepasuka kwa urefu na kubonyea kama kopo lililokanyagwa. La tatu lilikuwa limeachana na jirani yake kwenye maungio, nafasi ya kupitisha vidole viwili, na la nne lilikuwa limeshuka upande mmoja kiasi kwamba maji yalirudi nyuma. Ndani yake kulikuwa na mizizi ya mutuba, ule mtini ambao Waganda hutengenezea nguo za magome, uliopo kwenye mpaka wa jirani. Ilikuwa imesukana kama mkia wa farasi, na tulipouvuta ulitoka urefu wa futi tatu.

Wengi huulaumu mti. Mzee aliutetea. Mzizi hauna meno ya kutoboa bomba zima, alisema, unafuata unyevu, na ukikuta mwanya unaingia. Mti umekuja baada ya tangi. Kwa hiyo mutuba haukukatwa, tulikata tu mizizi iliyokuwa ndani ya handaki.

Na msingi? Tuliuona. Tulichimba hadi chini yake kwa urefu wa futi nne. Matofali ya kuchoma, imara, maungio yake ya saruji yakiwa hayajalika. Kilichokuwepo ni udongo uliolowa ukawa laini kama unga wa kitumbua chini ya pembe ile, na nyumba ilikuwa imeketi kidogo upande mmoja. Hapo ndipo ulipotoka ule ufa wa dirishani. Dada alipiga picha na kumtumia kaka kwa simu.

Sasa tukafika kwenye hoja ya udongo au plastiki. Mstari wote ulikuwa na mabomba kama 35. Manne yamevunjika. Sioni sababu ya kung'oa 31 mazima ambayo yamefanya kazi miaka 70, tena kuvunja sakafu ya baraza kwa ajili yake, ili tu kila kitu kiwe cha rangi moja. Mabomba mapya ya udongo ya namna ile sikuyapata madukani Jinja. Na hata ningeyapata, huwezi kuchomeka bomba lenye mdomo mpana katikati ya mengine yaliyokwisha kulala, maana kila moja limeingia ndani ya mwenzake. Kwa hiyo kipande cha katikati kikawa cha plastiki ya inchi nne, na ncha mbili zikabaki udongo.

Ufundi wote ulikuwa kwenye ncha hizo. Mabomba haya hulazwa mdomo mpana ukitazama juu, kule maji yanakotoka, ili maji yasipige kwenye maungio. Upande wa chini basi ulikuwa rahisi: plastiki iliingia ndani ya mdomo wa udongo, mzee akaisindilia katani iliyolowekwa katika lami kuzunguka, ndipo akaziba kwa saruji. Upande wa juu ulikuwa mgumu, kwa sababu bomba la udongo ni nene kuliko la plastiki ingawa tundu lao linakaribiana. Huko nje huuzwa mipira maalumu ya kiwandani yenye mikanda ya chuma kisichoshika kutu. Mzee alitumia tyubu ya tairi la lori. Alizungushia plastiki katani mpaka unene ukalingana na udongo, akavalisha tyubu mara mbili juu ya maungio, akabana kwa klipu nne. Nilimwuliza kwa nini asitumie saruji tu kama zamani. Alisema saruji ndiyo iliyokuwa kosa la Kalasinga, kosa lake la pekee: inashika sana, na ardhi ikisogea hata kidogo haikubali, inapasuka. Mpira unasogea na ardhi.

Ile sehemu ya udongo iliyohitaji kukatwa ilikatwa kwa grenda, mtu mwingine akimwagia maji ili vumbi lisiruke, kwa kuwa vumbi la udongo huo linaharibu mapafu. Kabla ya grenda, mzee alisema, walilijaza bomba mchanga na kulizunguka kwa tindo, tik tik tik, nusu saa kwa bomba moja, na moja kati ya matatu lilipasuka pasipotakiwa.

Mteremko ulipimwa kwa ubao wa futi kumi, pima maji na kipande cha mti cha inchi tatu kilichopigiliwa chini ya ncha ya ubao, upande wa chini. Futi 40, unashuka futi moja. Ndiyo kanuni ya bomba la inchi nne. Ukilaza sana, uchafu unakaa. Tulimwaga mchanga inchi nne chini, tukaulainisha kwa mkono, bomba likalala juu yake kwa urefu wote. Mafundi wengi wa leo hutegesha bomba juu ya vipande vya tofali ili lipate mteremko haraka, na hapo ndipo litakapovunjikia, juu ya tofali. Kabla ya kufukia tuliziba chini, tukajaza maji mpaka chemba ya pembeni ikafurika nusu, tukaenda kula. Tuliporudi baada ya saa moja alama ya chaki ilikuwa bado imegusana na maji. Ndipo udongo uliochekechwa ukarudishwa kwa matabaka, na hakuna aliyeruhusiwa kuushindilia juu ya bomba mpaka ulipofika futi moja.

Pamoja na kitako kipya cha tangi, malipo ya mzee, kijana wake, mchanga na vifaa, tulitumia shilingi milioni moja na laki tatu. Mzee alitaka pungufu ya hapo. Mama ndiye aliyeongeza.

Ukuta haukukauka kesho yake, na hili mtu alijue mapema asije akakata tamaa. Mafundi wa zamani huhesabu inchi moja ya unene kwa mwezi, na ukuta wetu ni inchi tisa. Tulibandua ile lipu ya saruji ya 2019 nje, tukavunja ukanda wa zege uliogusa ukuta na kuweka kokoto mahali pake. Ndani mama alichora mstari kwa penseli pale unyevu ulipoishia, akaandika tarehe, na kila mwanzo wa mwezi akachora mwingine. Masika ya 2023 yalinyesha yote, na mistari iliendelea kushuka. Mwezi wa Desemba, baada ya mvua za vuli, ndipo tulipiga lipu ya chokaa. Ule ufa wa dirisha tuliubandikia kipande cha kioo chembamba kwa saruji ili tuone kama unatanuka. Kioo hakijapasuka hadi leo.

Dalali alirudi mwaka 2024. Alitaja bei iliyokaribia mara mbili ya ile ya kwanza. Kaka alimwambia aongee na mama, na mama akamkaribisha chai.

Mchoro wa mabomba nimeuchora kwenye karatasi ngumu, nikaandika futi kutoka kila pembe ya nyumba, kina, chemba zote, mahali plastiki inapoanza na inapoishia. Nakala moja ipo kwa kaka, nyingine kwa dada. Ya tatu imebandikwa ndani ya mlango wa kabati la mita ya umeme, chini ya karatasi ya nailoni, mahali ambapo mgeni yeyote atakayekuja kuishi humu atalazimika kufungua. Sehemu moja ya upande wa kaskazini, chini ya stoo ya zamani, hatukuichimba. Hiyo nimeichora kwa vitone.